Ua la Kibakwe Lililoota Nzuguni

Matonya wa Nzuguni hakuzaliwa mtunza bustani. Wagogo wa rika lake walizaliwa wachungaji, naye alichunga mpaka sotoka, tauni ya ng'ombe, ilipopita nchini na kumaliza zizi zima la baba yake kwa muda wa siku tisa. Wakati huo ndevu ndiyo kwanza zinamwota. Baada ya hapo alishika kila kazi iliyomjia. Alibeba mizigo ya misafara, akavunja kokoto reli ilipokuwa ikipanda kutoka Morogoro, na reli ilipofika Dodoma akapata kazi katika bustani ya majaribio ambayo Wajerumani waliifungua kando ya njia ya treni. Humo walipanda pamba, miti ya kivuli na mboga za kwao, waone kipi kitaikubali ardhi ya Ugogo na kipi kitaikataa. Vingi vilikataa.

Watu walisema Matonya ana mkono wa baraka, kwa kuwa miche aliyoihamisha yeye haikunyauka. Mwenyewe alisema hana mkono wowote, ana macho tu. Mtu aliyechunga ng'ombe tangu utotoni, alisema, hujifunza kumtazama kiumbe asiyesema mpaka akajua anataka nini.

Mkubwa wa bustani ile alikuwa Mjerumani mzee, mrefu, mwenye kifua kibovu, ambaye watu walimwita Bwana Majani kwa sababu hakuweza kupita kwenye kichaka bila kuinama. Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata lakini alikisema bila haya. Alizaliwa kwenye milima mirefu ya nchi yake, na mara nyingi, wakipumzika saa sita, alimsimulia Matonya juu ya ua dogo la buluu linaloota huko juu, kwenye nyufa za mawe, jirani na theluji. Lilikuwa la jamii moja na ua ambalo watu wa kwao humpa mtu wanapoagana naye, na jina la hilo, alisema, maana yake ni "usinisahau".

Jioni moja Matonya alimsimulia mkewe habari za ua hilo kama kichekesho: mzee mzima kulilia ua. Mkewe, Yudith, hakucheka. Yeye alitoka milima ya juu ya Kibakwe. Matonya alimwona mara ya kwanza alipopita huko na msafara, akarudi baadaye kumposa. Alisema hata kwao lipo ua la buluu la namna hiyo, dogo kama ukucha, na watu huliita kishonanguo cha mlimani kwa kuwa mbegu zake hung'ang'ania nguo za kila apitaye.

Matonya alipoyafikisha maneno hayo bustanini, Bwana Majani aliweka jembe chini akamwambia ayarudie. Ilikuwa mwaka 1911, mwezi wa tano. Mwezi wa sita walikuwa ndani ya treni kwenda Gulwe.

Yudith alitaka kwenda nao. Mama yake alikuwa hai bado, mzee sana, na Yudith hakuwa amemwona tangu mtoto wake Priska alipokuwa akitambaa; sasa Priska alikuwa ameolewa kijiji cha Zuzu. Lakini Bwana Majani alikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu, na mtama ulikuwa shambani haujavunwa. Yudith akabaki. Alimpa mumewe kibuyu cha mafuta ya nyonyo ampelekee mama, na salamu ndefu ambazo Matonya alizikariri njia nzima asije akaacha hata moja.

Kutoka Gulwe walitembea siku mbili. Kibakwe walipokewa na Elieza, kaka yake Yudith, mkulima wa mahindi na njegere, ambaye alimkumbatia shemeji yake na kumtazama yule mzee wa Kizungu kwa mashaka, akiuliza kama atafika juu. Alifika, ila kwa kupumzika kila hatua ishirini. Huko juu ukungu ulikuwa mzito kiasi cha kulowesha nyusi, na nyasi zilikuwa baridi kama chuma cha reli alfajiri. Waliitafuta asubuhi yote mimea ile wasione kitu, mpaka walipoketi kula viazi na Matonya akaona blanketi lake limejaa vitu vidogo vya kahawia, kila kimoja kina vindoana vyembamba kuliko unywele. Mbegu ndizo zilizowaona wao kwanza.

Bwana Majani aliketi chini kwenye umande akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha alitambaa kwa magoti katikati ya mawe, na kweli maua ya mwisho ya msimu yalikuwepo, manne au matano, ya buluu ya anga baada ya mvua. Alilishika moja kwa vidole viwili.

"Si lile la kwetu," alisema. "Ni binamu yake. Amekuja kukaa mbali."

Walizibandua mbegu kwenye blanketi moja moja mpaka jua likaelekea machweo. Bwana Majani alizigawa katika karatasi mbili. Moja angeipeleka kwao, ambako wataalamu wana nyumba za vioo. Ya pili alimpa Matonya. Alisema mbegu za jamii hii hazikai sana, zikikaa miaka miwili hufa, na kwamba katika joto la Dodoma pengine hazitaota kabisa. Lakini hajawahi kusikia mtu aliyejaribu.

Baridi ya mlimani haikumwacha Bwana Majani salama. Mwezi haukuisha kifua kikambana, daktari akaamuru arudishwe pwani na kutoka pwani apande meli. Siku ya kuondoka, kwenye kituo cha Dodoma, alikuwa amefungwa shali shingoni juu ya joto lote lile. Alimwambia Matonya asiache kujaribu, na Matonya akajibu kwamba amesikia.

Mara ya kwanza Matonya alipanda kama alivyofundishwa bustanini. Alitengeneza tuta zuri, akatia samadi iliyooza, akamwagilia asubuhi na jioni. Siku ya kumi alifukua kidogo akaona mbegu zimekuwa uji. Mara ya pili alingoja mvua, mwezi wa kumi na moja, kama mtu apandavyo uwele. Uwele wa majirani uliota. Tuta lake halikutoa kitu, na alipofukua hakukuta hata maganda.

Wakati huo Bwana mpya alikuwa amekuja bustanini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka. Alitaka pamba, na kila tuta lisilo na pamba alilihesabu kuwa limelala. Matonya alipomweleza juu ya mbegu za mlimani alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama zinaliwa, akauliza kama zinasokotwa, kisha akasema nafasi hakuna. Kama Matonya anataka kucheza nazo, acheze nyumbani kwake.

Mbegu zilizobaki zilikuwa hazijai kiganja cha mtoto. Matonya aliziweka kwenye pembe ya mbuzi, akaziba kwa nta, akakaa nazo miezi kadhaa bila kuzigusa. Alikuwa anawaza. Mwisho alimwuliza mkewe kule kwao ua lile hupandwaje.

Yudith alikuwa anapepeta. Alimjibu bila kuinua macho kwamba hakuna mtu aliyewahi kulipanda. Linadondosha mbegu zake mwanzo wa baridi, zinalala chini kwenye mawe miezi yote ya ukungu, halafu siku moja watu wanaona limeota. Na halioti zizini penye samadi, aliongeza, linaota pale ambapo hata mbuzi hapati cha kutafuna.

Matonya alirudia moyoni maneno yale kama alivyokariri salamu za kumpelekea mama mkwe. Kipupwe kilipoingia, mwezi wa sita mwaka 1912, alichukua chungu kilichovunjika mdomo, akakijaza mchanga wa korongoni alioukosha mara tatu, akatia udongo kidogo alioukwangua chini ya miamba ya kilimani. Alitawanya mbegu, akazifunika kwa changarawe badala ya udongo. Katika kona ya giza ya tembe lao ulikaa mtungi mkubwa wa maji, ule unaotoa jasho mchana kutwa na kuyafanya maji ya ndani yawe ya baridi. Alikiweka chungu chini yake, jasho la mtungi likawa linakidondokea. Jua likizama alikitoa nje kipigwe na upepo, na kulipopambazuka alikirudisha ndani.

Siku ya thelathini na nane aliona kitu cha kijani kwenye changarawe, kidogo kama kichwa cha kiberiti kilichopasuliwa katikati. Alimwita Yudith. Yudith aliinama, akatazama, akasema hiyo yaweza kuwa magugu. Baada ya juma moja yalikuwa saba, yenye majani ya manyoya laini, na Yudith hakusema tena magugu.

Lakini kipupwe hakidumu Ugogo. Mwezi wa kumi upepo uligeuka, nchi ikawa kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Visima vya korongoni vilizidi kuzama. Wanawake walishuka ndani kwa ngazi ya miti na kungoja maji yajikusanye kata kwa kata. Kila mtungi ulikuwa kazi ya nusu siku. Nayo mimea ile ilitaka kunyweshwa kila siku, kidogo kidogo, na gunia lililolowa lizungushwe kwenye chungu.

Yudith alivumilia majuma mawili. Mwezi ule ule Elieza alikuwa ametuma habari kupitia mtu wa reli kwamba mama yao amefariki, na amezikwa. Yudith alilia siku tatu kisha akarudi kwenye kazi zake. Asubuhi moja alimkuta mumewe akichota maji kwa kata kupeleka kwenye chungu, akaushika mkono wake.

"Baba Priska," alisema, "kwetu ulikwenda wewe. Mama ulimwona wewe. Mimi niliyebaki nimeletewa mbegu, tena nizitekee maji."

Matonya aliirudisha kata mtungini. Siku hiyo hiyo alikata mti mwepesi, akafunga vibuyu viwili huku na huku, akautia mabegani na kwenda kisimani mwenyewe. Mwanamume mwenye mzega wa maji katikati ya foleni ya wanawake ilikuwa habari ya Nzuguni kwa mwezi mzima. Wanaume walimwuliza kama mkewe amemwoa. Mmoja alimshauri achane na ua anunue mbuzi. Matonya aliwasalimu, akachota zamu yake ilipofika, akaondoka. Aliteka maji ya mimea, na alipoona njia ameizoea, akaanza kuteka na ya nyumbani.

Pamoja na hayo miche minne ilikufa. Ilibaki mitatu. Kisha Bwana mpya akamtuma Matonya huko Zuzu, pamoja na watu wengine, kusafisha shamba la pamba, kazi ya siku nne, na hakuwa mtu wa kukataliwa. Siku hizo nne zilikuwa kali kuliko zote za mwaka. Vumbi lilisimama angani hata jua likawa jekundu mchana. Matonya alilima huku akijua anachokwenda kukuta. Akiwa njiani kurudi alikuwa ameshajiambia kwamba mchezo umekwisha, na kwamba si vibaya, mtu amejaribu mara tatu.

Alipoingia ndani chungu hakikuwa mahali pake. Yudith alikuwa amechimba shimo kwenye sakafu ya tembe, kona ile ile, akakizika chungu mpaka shingoni, akazungushia mchanga wenye unyevu na kufunika kwa gunia lililolowa. Miche mitatu ilikuwa imesimama, na mmoja ulikuwa umeongeza jani.

Matonya alikaa chini. Alimwuliza mkewe alipata wapi maji.

"Nilikuwa nakwenda kisimani hata hivyo," Yudith alisema. Kisha, akiwa amempa mgongo, akasema, "Nilipokuwa mdogo nikirudi kuchunga mbuzi, mama alikuwa akinikalisha mlangoni azibandue mbegu hizi kwenye nguo yangu. Alikuwa akigomba kila siku. Anabandua, anagomba."

Maua yalitoka mwezi wa tatu mwaka 1913, mvua zilipokuwa zimeipoza nchi. Kwanza yalikuwa mafundo ya rangi ya waridi, yamejikunja kama mkia wa kinyonga, kisha moja likafunguka na lilikuwa la buluu. Watu wa Nzuguni walikuja kuona kitu kilichomfanya mwanamume mzima abebe maji. Wengi walipiga magoti kabla ya kuliona, na wengine walisimama wamevunjika moyo. Jirani mmoja alilitazama kwa muda akauliza, "Hili ndilo?" Alipoambiwa ndilo, alitikisa kichwa akaenda zake. Yudith alikaa nalo asubuhi ile mpaka kivuli kikafika miguuni pake, na uji ukaungua jikoni.

Walitandaza kitambaa chini ya mimea, wakapata mbegu. Kipupwe kilichofuata waliotesha miche kumi na tisa.

Mwezi wa tano mwaka 1914 barua ilifika posta ya Dodoma, na juu yake jina la Matonya limeandikwa vizuri. Hakuwa na kisomo, akaipeleka kwa Mwalimu Nikodemo, kijana aliyefundisha watoto kusoma katika shule ya misheni. Barua ilitoka kwa Bwana Majani. Alikuwa hai, kifua kilikuwa kibovu lakini mlimani kwao alipumua vizuri zaidi. Alieleza kwamba zile mbegu za karatasi ya kwanza aliwapa wataalamu wa nyumba za vioo. Walizipa udongo mzuri wenye joto na rutuba, na zote zilioza. Aliuliza, bila matumaini makubwa, zile za Matonya zilikuwaje.

Matonya alimwomba Mwalimu aisome tena. Alidhani angefurahi kusikia kwamba wakubwa wameshindwa, lakini alimfikiria yule mzee akingoja kwenye dirisha la kioo, akasikitika. Alimwomba Nikodemo ashike kalamu.

"Andika hivi," alisema. "Bwana, salamu. Zangu nazo zilioza, kwa sababu nilizilisha. Usizilishe. Zipe mchanga uliokoshwa na mawe juu. Zipe baridi kwanza, siku nyingi, ndipo zitaamka. Maji yadondoke, yasimwagwe. Jua la asubuhi hazilikatai, la mchana linaziua. Zikiwa ndogo usizihamishe, mizizi yake inakwenda chini moja kwa moja kama msumari, ukiikata imekwisha. Nakutumia mbegu za mwaka huu, si za zamani."

Nikodemo aliandika yote, akasoma, akauliza atie jina la nani mwishoni. Matonya alisema atie la Matonya. Kisha, Mwalimu alipokuwa ameshaanza kukunja karatasi, alimzuia, akamwambia aongeze na la Yudith binti wa Kibakwe, kwa kuwa bila huyo kusingekuwa na cha kuandika.

Barua iliondoka mwezi wa sita, na ndani yake pakiti ya mbegu iliyoshonwa kwa uzi. Mwezi wa nane vita vikaanza, meli zikakoma. Kama ilifika au ilikaa kwenye gunia la posta Dar es Salaam, Matonya hakujua kamwe.

Bustani ya majaribio ililimwa viazi vya askari. Mwanzo wa mwaka 1915 Matonya, kama wanaume wengi wa Nzuguni, alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na alikaa huko mwaka mzima kasoro siku chache. Kazi aliijua tangu ujana, lakini ujana wenyewe haukuwepo tena. Alirudi amekonda, na vidonda miguuni, na kwa majuma ya kwanza alifanya kulala tu na kula alichopewa.

Siku aliyopata nguvu ya kusimama alikwenda kwenye ile kona. Vyungu vilikuwa vitano. Yudith alikuwa ameotesha peke yake kipupwe kilichopita, na miche ilikuwa ishirini na sita, minene, haina hata jani moja la manjano. Matonya aliinama akachambua changarawe kwa kidole. Chini yake palikuwa na vipande vyeusi.

Aliuliza ni nini hicho. Yudith alisema ni mkaa, ameuponda na kuuchanganya na mchanga, kwa sababu aliona unanyonya maji ya ziada na shina halishikwi na uozo. Matonya aliuliza nani amemfundisha. Yudith akasema hakuna, alikuwa anatazama tu.

Matonya alisugua ule mkaa katikati ya vidole, akaunusa, akauliza ni kiasi gani kwa chungu kimoja. Yudith alimwonyesha kwa kiganja. Kisha alimwambia asichimbue sana hapo, ataumiza mizizi, na kama ana nguvu kweli basi aende akaponde mwingine, maana mvua zikiisha kutakuwa na mbegu nyingi.

Matonya alichukua mchi akaenda nje kuponda.